Mafunzo ya siku nne ya "kujifunza kwa kujaribu" Morogoro: nimekaa nayo misimu miwili ndo naandika

Nianze kwa kusema hii rivyu nimeichelewesha makusudi. Mafunzo nilienda mwaka jana mwezi wa tatu, na siku narudi kwenye basi nilikuwa na moto balaa, ningeandika usiku ule ningewapa nyota tano na maua juu, ila nikasema ngoja kwanza, maana semina ngapi nimetoka nimewaka halafu wiki ya pili daftari lipo chini ya godoro na maisha yanaendelea vilevile. Sasa nimevuna nayo misimu miwili. Naweza kuongea.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ina stori yake, nitafika.

Mi ni bwana shamba, wilaya ya Kongwa, Dodoma, mwaka wa kumi na moja kazini, vijiji vitatu pikipiki moja. Tangazo nilirushiwa na mshkaji tuliyesoma naye chuo, limeandikwa kwa mbwembwe, "kujifunza kazini kwa majaribio na fikra za mifumo changamano", siku nne, Morogoro mjini, ada 380,000 pamoja na chai na chakula cha mchana, malazi utajijua. Ofisi ikasema haina fungu. Nikalipa mwenyewe, na hapo ujue nilikuwa na sababu, maana mtu wa mshahara wangu hatoi laki nne kasoro kwenda kuangalia slaidi.

Sababu yenyewe ni turubai.

Kwa wasiojua, huku kwetu tuna shida ya sumukuvu, ile sumu inayotoka kwenye kuvu ya mahindi na karanga, huioni, huionji, na ukipika haiishi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hiyo kitu. Tangu hapo tumefundisha mpaka sauti zimekauka, usianike chini, anika kwenye turubai, usiweke stoo kabla hayajakauka. Na watu wanajua! Ukimuuliza mkulima yeyote anakujibu kama anasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Halafu pita mwezi wa sita uone, mahindi yapo chini kwenye udongo, kuku wanatembea juu, mbuzi kalala pembeni. Miaka yote hiyo nimefundisha kitu ambacho watu wanakijua na hawakifanyi, na kila mwaka kwenye ripoti naandika "elimu iendelee kutolewa". Elimu ipi tena jamani. Ndo nikaona lile tangazo nikasema hapa hata kama ni kamari nacheza.

Haya, mafunzo. Ukumbi wa hoteli moja ya kawaida, dirishani unaiona Uluguru yote, hapo sina malalamiko. Tulikuwa watu ishirini na kidogo, mchanganyiko mzuri kweli, manesi, walimu, watu wa miradi ya maji, jamaa mmoja wa benki ambaye mpaka leo sijui alifuata nini. Wawezeshaji wawili, kijana na mama mmoja mtu mzima. Sitataja kampuni kwa sababu kuna mambo nitasema hapa chini na sitaki simu.

Siku ya kwanza na nusu ya pili: slaidi. Slaidi za kiingereza zinasomwa kwa kiswahili, projekta inawasha buluu, mtu anasimama anasema "kama mnavyoona hapo" na hatuoni. Sasa fikiria kichekesho chenyewe, mafunzo yanasema mtu mzima hujifunza kwa kujaribu, kuhangaika na kitu mkononi, na hayo maneno unayapata umekaa kwenye kiti cha plastiki masaa sita unasikiliza. Nesi mmoja wa kule Ifakara aliuliza hilo swali siku ya kwanza kabla ya chakula, kwa upole kabisa, "samahani mwalimu, tutajaribu saa ngapi?" Ukumbi mzima ukacheka, kijana naye akacheka, akaenda slaidi inayofuata.

Ila kwenye zile slaidi kulikuwa na kitu kimoja cha maana na ntawaelezea maana ndo msingi wa yote. Kuna mchoro wa Dave Snowden, mtu wa Wales, aliutoa mwaka 1999 akiwa IBM, unaitwa Cynefin. Tulikaa dakika kumi nzima tukibishana unatamkwaje, wengi tukasema sinefini, kumbe ni kama "kunevin", neno la kwao Wales lenye maana ya makazi, pale ulipozaliwa na kuzoea mpaka hujui kwa nini unapajua. Mi nikalipenda hapohapo, maana mkulima wa Kongwa ukimuuliza kwa nini hajapanda leo na mvua imenyesha atakwambia "bado", basi, hana zaidi ya hapo, na mara nyingi yuko sahihi.

Mchoro unasema mambo hayafanani. Kuna jambo la wazi, sababu na matokeo kila mtu anaona, unafuata utaratibu umemaliza. Kuna jambo gumu ila lina fundi wake, kama injini ya pampu, wewe huwezi ila fundi akikaa nayo ataifungua ataona. Kuna jambo changamano, hapo hakuna fundi, sababu utaijua baada ya kitu kutokea tu, na ukirudia kesho haitokei vilevile. Na kuna vurugu, nyumba inaungua, huko usichambue, zima moto kwanza. Katikati kuna pale ambapo hujui hata upo wapi, na ndo wengi wetu tunaishi hapo. Kosa kubwa, wanasema, ni kulichukua jambo changamano ukalitibu kama la fundi, unaita mtaalamu, anaandika mpango, mpango unafeli, unaita mtaalamu mwingine.

Mfano wao ulikuwa mbovu kidogo. Walichukua chanjo ya mdondo wa kuku wakaiweka kwenye la wazi: tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kwisha. Nikanyoosha mkono. Tone ndio ni wazi, mtoto wa darasa la tano anaweza. Ila kuwafanya kaya sitini zichanje wiki moja, wakati dawa ni chupa moja ya kuku wengi na mwenye kuku wanne haoni kwa nini anunue chupa nzima, na jirani yake anasubiri aone kuku wa mwenzie watakufa au la, hilo nalo ni wazi? Yule mama akatabasamu akasema "umeshafika, kaa". Kuanzia pale nikaanza kumsikiliza yeye zaidi kuliko kijana.

Na ni huyo mama aliyeokoa mafunzo. Siku ya pili baada ya chakula akatutoa nje kwenye majani. Akamchukua mzee mmoja, ana sura ya mkuu wa idara kabisa, akamwambia tupange sisi wote kwa maagizo, kila mtu awe umbali sawasawa na watu wawili ambao tumeandika majina yao kwenye karatasi, soma karatasi, toa amri. Yule mzee masikini, dakika kumi, wewe sogea, mama rudi, hapana sio wewe, koti kavua, jasho linamtoka, akasema hii haiwezekani. Mama akasema sawa, pumzika mzee wangu. Sasa kila mtu achague kimoyomoyo watu wawili, asimwambie mtu, na ajipange mwenyewe awe umbali sawa nao. Anzeni. Ilichukua kama dakika mbili! Watu wakahangaika hangaika wakatulia, kimya, kila mtu mahali pake, wala hakuna aliyeamrisha. Halafu mama akaenda akamnong'oneza dada mmoja wa miradi ya maji, yule dada akatembea taratibu mpaka chini ya mwembe, na kundi zima likaanza kutambaa upya, mi mwenyewe nikajikuta napiga hatua na yule dada hata sikumchagua. Akarudia na mtu mwingine, yule jamaa wa benki, akamtoa mpaka ukutani. Wakasogea wawili tu. Wengine hawakujali.

Akauliza swali moja tu: kwenye kazi yako, nani akihama wengi wanahama? Nikaanza kuwapitisha kichwani viongozi wa vijiji vyangu, mwenyekiti, mtendaji, mkulima wa mfano mwenye cheti ukutani. Nikagundua hao wote ni jamaa wa benki.

Kwa lile zoezi peke yake natoa nyota mbili.

Siku ya tatu walileta mifano mikubwa na hapo pana mazuri na pana yanayokera. Zuri ni M-Pesa, ila walivyoisimulia ilinibidi niwasahihishe. Kijana aliisimulia kama vile wataalamu walikaa wakachora mfumo wa kutuma pesa wakauleta. Sio hivyo. Jaribio la Kenya lililoanza 2005, kwa watu wachache mno, Safaricom na Vodafone pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, lililenga watu walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Nusu ya hela ilitoka kwenye mfuko wa maendeleo wa serikali ya Uingereza. Watu wakapewa simu, wakaanza kuzitumia kwa mambo yao, wanatumiana hela, mtu yuko safari anaweka hela kabla hajaondoka anaitoa akifika ili asiibiwe njiani. Wenye mradi wangeweza kusema wateja hawa wanakosea matumizi tuwape elimu, si ndo tungesema sisi? Wao wakaangalia wanachofanya watu, na ilipozinduliwa rasmi mwezi wa tatu 2007 kitu cha mbele kilikuwa kutuma hela nyumbani. Marejesho ya mikopo yakabaki pembeni huko. Mfano mzuri kuliko wote na wakaupitisha kwa slaidi mbili.

La kukera sasa. Siku tatu nzima wanazungumza "jaribio dogo ambalo likifeli halikuangushi" kama ni dawa mpya imeshuka na ndege, na hakuna aliyetaja shamba darasa. Mimi nimekulia kwenye shamba darasa kikazi. Lilianza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, na kisa chake ndo hiki hiki cha uchangamano: kulikuwa na mdudu mdogo wa kahawia anafyonza mpunga, serikali inagawa dawa, wakulima wanapiga dawa, mdudu anaongezeka. Kumbe dawa inaua buibui na wadudu wengine wanaomla yule mdudu. Mwaka 1986 wakapiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga, halafu FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na wenzao wakaanza kuwakutanisha wakulima, kikundi kama watu ishirini na tano, kila wiki msimu mzima, kwenye vipande viwili, kimoja wanalima walivyozoea kingine wanajaribu. Wanaingia shambani asubuhi, wanahesabu wadudu kwenye mashina, wanachora mmea kwenye karatasi kubwa, wadudu wabaya upande huu wazuri upande ule, wanabishana, wanaamua wenyewe wiki hiyo wafanye nini. Miaka ya tisini likaingia kwetu Afrika Mashariki. Mbegu ya haya mafunzo ya laki nne bibi zetu wa vikundi wanayo kwenye vibanda vyao, na wanakaa chini ya mti bila projekta. Nilipolisema hilo kijana akasema "ndio, ni kitu kinachofanana". Kinachofanana!

Na kingine, walitaja miradi iliyofeli kwa kupangwa yote mezani na mifano yao yote ilikuwa ya Ulaya na Marekani. Wakati mimi nimetoka Kongwa. KONGWA. Mpango wa karanga wa mwingereza, hakuna mfano mkubwa kuliko ule duniani na upo masaa machache kwa basi kutoka pale ukumbini. Wakanipa dakika tano nikawapa darasa. Mwaka 1946 walileta ujumbe ukazunguka nchi wiki tisa, sehemu kubwa wakaangalia kutoka kwenye ndege, wakarudi wakaandika mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa huku kwetu Tanganyika, na kazi ikaja kuangukia Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hakuna shamba dogo la kujaribia, hakuna msimu wa kuangalia mvua, 1947 hao wameingia. Matrekta mengine walinunua mitumba ya jeshi la Marekani kule Ufilipino, vifaru wakavigeuza matrekta. Udongo wetu kiangazi unakuwa kama saruji na una mchanga unaokula vyuma, karanga zenyewe ukishindwa kuzing'oa kwa wakati zinabaki humohumo, na mvua ya Ugogo hata mtoto angewaambia. Wakatengeneza bandari Mtwara na reli mpaka Nachingwea kusubiri karanga ambazo hazikuja. Mbegu waliyonunua ilikuwa nyingi kuliko walichovuna. Januari 1951 wakafunga, kama pauni milioni 36 zimeyeyuka. Jambo changamano, wakalitibu kama injini. Yule mzee wa sura ya mkuu wa idara akasema kwa sauti ndogo "na sisi baada ya uhuru tulifanya hivyohivyo mara ngapi", ukumbi ukawa kimya kidogo, mwezeshaji akatangaza chai.

Chai yenyewe: nzuri. Sambusa za moto, matunda ya Morogoro unayajua. Chakula cha mchana siku tatu kuku siku ya nne maharage, nadhani hela iliwaishia.

Siku ya nne ndo kazi. Kila mtu achague shida moja ya kwake, atengeneze majaribio madogo matatu au zaidi yaende kwa pamoja, na yasifanane, hata yapingane. Kwa kila jaribio unaandika kabla hujaanza: nitaonaje kama linaenda vizuri, nitaonaje kama linaenda vibaya, likiwa baya nalizimaje haraka, likiwa zuri nalisukumaje. Kama huwezi kusema utalizimaje, sio jaribio dogo hilo, rudi kaandike. Mama alinirudisha mara tatu. La kwanza lilikuwa "kuhamasisha jamii", akalikata kwa kalamu nyekundu, akaniuliza Jumatatu saa mbili asubuhi utakuwa umesimama wapi umeshika nini. Hilo swali nalitumia mpaka leo, mpaka mke wangu amelichoka.

Nikarudi na vitatu. Nitaeleza vyote maana rivyu ya mafunzo bila kusema ilikuwaje nyumbani haina maana.

Cha kwanza, ujumbe wa sauti WhatsApp kila jioni wakati wa mavuno. Kilikufa wiki ya kwanza. Wenye simu janja kijijini ni vijana, na mwezi wa sita vijana wapo Kibaigwa sokoni wanapakia magunia. Wazazi wao wana vitochi. Nikakizima, hasara vocha ya buku tano.

Cha pili, chupa ya chumvi. Hii ni njia ya zamani, unachukua chupa ya kioo kavu, unaweka mahindi na chumvi kavu kidogo, unatikisa, unaacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Ikibaki chini, yameshuka maji. Nikawapa watoto wa darasa la sita kupitia mwalimu wao wa sayansi, kila mmoja apeleke nyumbani. Hii ilienda mahali sikutegemea. Siku moja mzee mmoja kanifuata mpaka ninapoishi, kakasirika, mjukuu wake katikisa chupa mbele ya mnunuzi! Mnunuzi kashusha bei. Nikaomba radhi, kweli nilistahili. Ila nikaandika kwenye daftari, na mwezi huohuo nikasikia mnunuzi mwingine naye anatembea na chupa yake. Sasa hilo ni zuri au baya? Kwa mkulima aliyekausha ni zuri. Kwa asiye na pa kukaushia ni msumari. Bado sijui nilisukume au nilizime, limebaki hapohapo, naliangalia.

Cha tatu ndo turubai zenyewe. Zilikuwa tisa stoo ya kata, mabaki ya mradi ulioisha, nikagawa tatu tatu kwa vikundi vitatu vya wakulima, kwa zamu. Wiki ya tatu napita hazipo. Naambiwa zipo, zinazunguka. Zinazunguka wapi, mahindi mbona yako chini? Jumamosi hiyo nikaenda msibani kitongoji cha pili, nashuka kwenye pikipiki naziona turubai zangu tano zimefungwa kwenye miti, waombolezaji wamekaa kivulini. Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau kutoa pole. Nilikuwa tayari kuzikusanya zote pale pale mbele ya marehemu.

Kilichonizuia ni lile daftari, wallahi. Ukurasa wa kwanza mama alituandikisha: andika kilichotokea, sio ulichotaka kitokee. Nikakaa. Nikaangalia. Turubai zilikuwa safi. Zimefungwa kwa kamba mpya. Kila moja ina namba imeandikwa kwa rangi kwenye pindo, na sikuiandika mimi. Nikauliza nani anazitunza hizi, nikaonyeshwa mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kuzikana, ana daftari la sufuria, sahani, majamvi, na sasa turubai, nani kachukua, lini, karudisha lini, faini shilingi ngapi. Vikundi vyangu vya kilimo vina katiba iliyogongwa muhuri na havina hata kalamu. Kikundi cha kuzikana hakijawahi kuhudhuria semina yangu na kila kaya ya kitongoji imo, maana nani atakubali asizikwe. Na huyo mama ndo yule dada wa chini ya mwembe, akisogea wote wanasogea, miaka kumi nampita na pikipiki namsalimia "shikamoo mama" basi.

Msimu huu nikampa zote tisa rasmi, akasema masharti ni yake, nikasema sawa. Masharti yake: msiba kwanza, mahindi baadaye, mwenye mahindi analipa mia mbili kwa siku inaingia kwenye mfuko. Mimi ningesema bure. Bure yangu ilikaa stoo miaka miwili! Wamekusanya, wamenunua tatu zaidi. Mwaka jana kwenye kile kitongoji nilihesabu kaya sita zinaanika juu ya turubai, mwaka huu kumi na tisa. Sisemi ni kwa sababu ya hilo tu, bei ya mahindi makavu pale Kibaigwa mwaka huu ilikuwa ya kueleweka na zile chupa nazo zina mchango wake. Kijiji cha pili nilijaribu hivyohivyo na kikundi chao cha kuzikana, wakakataa, wakasema vitu vya msiba havichanganywi na biashara. Basi. Huko natafuta mlango mwingine.

Sasa ile nusu nyota. Tangazo lilisema kuna kufuatiliwa miezi mitatu. Tukaundiwa kundi la WhatsApp. Kikao cha Zoom kilikuwa kimoja, mtandao unakatakata, mwezeshaji kijana akauliza "mnaendeleaje" watu wakajibu "vizuri", kwisha. Nikaandika kwenye kundi habari ya turubai msibani, ndefu, ya kuchekesha hata, nikapata dole gumba mbili. Siku hizi kundi ni maua ya asubuhi njema na viwanja vinauzwa Kihonda. Wanafundisha kuangalia kilichotokea na wao hawajawahi kurudi kuangalia yaliyowatokea wanafunzi wao. Yule nesi wa Ifakara ndo tunapigiana mpaka leo, yeye anahangaika na kina mama wanaokatisha kliniki, kila mwisho wa mwezi tunasomeana madaftari kwenye simu, na hiyo haikuwa kwenye ada. Cheti wamekosea jina langu, nikawaambia, wakasema watarekebisha.

Kama unaenda: usikae mbele, projekta inaumiza macho. Gesti za 25,000 zipo karibu tu na stendi ya zamani, ila daladala za asubuhi amka mapema. Nenda na shida moja ya kwako ambayo imekushinda kweli, sio ya kwenye ripoti. Siku ya kwanza ukichelewa hukosi kitu. Siku ya pili mchana usikose kwa lolote lile, na uliza mapema kama yule mama atakuwepo, kama ni kijana peke yake mi nisingelipa. Wakikwambia lete kompyuta mpakato acha, beba daftari gumu la kurasa mia mbili.

Nyongeza, wiki mbili baadaye: kuna mtu kaniuliza kama mweka hazina bado anaendelea. Anaendelea. Wiki iliyopita niliazima turubai namba 7 kufunikia mbegu ya mtama ya ofisi, nikachelewa kurudisha siku mbili kwa sababu ya mkutano wilayani. Nimepigwa faini elfu mbili na jina langu limesomwa kwenye kikao.